Safari ya Familia Kwenda Walt Disney World: Namna ya Kuipanga Bila Kuibana

Walt Disney World, iliyoko kusini-magharibi mwa jiji la Orlando katika jimbo la Florida, ni mahali panapomtia mzazi wasiwasi kabla hata hajafunga mizigo. Eneo lake lina ukubwa wa takribani kilomita za mraba 100, na ndani yake mna bustani nne za burudani ambazo kila moja inatosha kumaliza siku nzima: Magic Kingdom iliyofunguliwa mwaka 1971, Epcot ya mwaka 1982, Hollywood Studios ya mwaka 1989 na Animal Kingdom ya mwaka 1998, mbali na bustani mbili za maji na hoteli nyingi. Mzazi akishagundua kwamba meza za migahawa huanza kuwekewa nafasi siku 60 kabla, na kwamba zipo njia za kulipia ili kupunguza foleni ambazo nazo zina siku zake maalumu za kufunguliwa, huanza kuandika ratiba ya saa kwa saa, na mara nyingi ratiba hiyo ndiyo inayokuja kuiharibu safari. Mtoto wa miaka minne akisimama kuwatazama bata, baba anatazama saa. Bibi akiomba kukaa kidogo kivulini, mama anahesabu dakika zilizopotea.

Mwongozo huu ni kwa familia zinazozungumza Kiswahili zilizoko Marekani na Kanada, hasa zile zinazopokea wageni kutoka nyumbani na kutaka kwenda nao. Msimamo wake ni kwamba mambo ya kuwekwa mapema ni yale tu ambayo hayawezi kupatikana siku yenyewe, kwamba kila mwanafamilia achague jambo moja analolitaka kweli, na kwamba saa zote zinazobaki ziachwe wazi bila kuonewa huruma.

Hatua ya 1: Kaeni kikao cha familia kabla ya kulipa chochote

Kikao hiki kinaweza kufanyika mezani baada ya chakula cha jioni, na walioko mbali wakaingia kwa simu. Kila mtu, pamoja na wazee na watoto wadogo, ataje kitu kimoja tu ambacho akikikosa atarudi nyumbani amehuzunika. Watoto waonyeshwe picha na video fupi, kwa sababu mtoto hawezi kuchagua asichokijua, na wazee waulizwe kwa dhati badala ya kuambiwa kwa adabu kwamba watafurahi kuwaona wajukuu wakicheza. Mara nyingi mzee anayo haja yake mwenyewe, kama vile kuona fataki za usiku juu ya kasri la Magic Kingdom, au kutembea taratibu kwenye mabanda ya nchi mbalimbali yaliyozunguka ziwa la Epcot, lakini hatasema mpaka aulizwe.

Familia ya watu sita itatoka kikaoni ikiwa na mambo sita. Hayo ndiyo mpango wenu, na chochote kingine mtakachokipata ni nyongeza. Iwapo mtu mmoja atang'ang'ania mambo matatu, mkumbusheni kwamba mengine yanaweza kutokea yenyewe, lakini katika karatasi liandikwe moja.

Baada ya hapo wapimeni watoto urefu, wakiwa na viatu watakavyovaa siku hiyo. Hili ni dogo kulisikia lakini ndilo linalosababisha vilio vingi, kwa kuwa michezo kadhaa ya kasi ina kimo cha chini kinachoruhusiwa, na mfanyakazi aliyesimama mlangoni na kijiti cha kupimia hawezi kulegeza kwa sababu ya machozi. Treni ya Seven Dwarfs Mine Train katika Magic Kingdom inataka takribani sentimita 97, ilhali Space Mountain ya bustani hiyohiyo na Avatar Flight of Passage ya Animal Kingdom zinataka takribani sentimita 112. Orodha kamili ipo kwenye tovuti ya bustani hizo na inafaa isomwe upya karibu na siku ya kusafiri, kwani michezo hufungwa kwa matengenezo na mingine hubadilishwa. Mtoto aliyeambiwa nyumbani, wiki mbili kabla, kwamba mchezo fulani utamsubiri mpaka akue, huumia kidogo na kusahau. Aliyeambiwa baada ya kusimama foleni huumia siku nzima.

Wazazi wenye mtoto mfupi hawalazimiki kuukosa mchezo. Upo utaratibu uitwao Rider Switch, ambapo mzazi mmoja hubaki na mtoto huku mwingine akipanda, kisha hubadilishana bila yule wa pili kurudi nyuma ya foleni yote. Haulipiwi; kinachotakiwa ni kumwambia mfanyakazi wa mlangoni kabla hamjaingia.

Hatua ya 2: Chagueni tarehe kwa kuangalia hali ya hewa, shule na viza

Kama kuna mgeni atakayetoka Tanzania, Kenya au kwingineko nyumbani, viza yake iwe imeshatoka ndipo muanze kulipia kitu kisichorudishwa fedha. Familia nyingi hutanguliza tiketi na hoteli kwa matumaini, na baadaye matumaini hayo hugeuka kuwa shinikizo kwa mgeni mwenyewe.

Wiki zenye msongamano mkubwa ni ile ya Krismasi mpaka Mwaka Mpya, wiki ya sikukuu ya Shukrani mwezi Novemba, na likizo za masika za mwezi Machi na Aprili. Desemba ndiyo likizo ndefu ya shule nyingi za Afrika Mashariki, kwa hiyo wengi hujikuta hawana uchaguzi. Hata hivyo, wiki za mwanzo za mwezi huo huwa na nafuu kuliko zile za mwisho, na mapambo ya sikukuu huwa yameshawekwa. Mwishoni mwa Januari na mwezi Septemba baada ya shule za Marekani kufunguliwa huwa na utulivu zaidi. Kiangazi, yaani Juni mpaka Agosti, joto hupita nyuzi 30 za Selsiasi karibu kila siku na radi hunguruma alasiri nyingi. Msimu rasmi wa vimbunga ni kuanzia tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba, hivyo anayesafiri katika miezi hiyo asome masharti ya kughairi kabla ya kulipa.

Kuhusu idadi ya siku, bustani moja kwa siku moja inatosha, na katikati iwepo angalau siku moja isiyo na bustani kabisa. Tiketi za kawaida za siku nyingi hazilazimishi siku zifuatane. Kwa mfano, tiketi ya siku nne kwa kawaida hutumika ndani ya kipindi cha siku saba, na mwanya huo umewekwa ili utumike. Bei hutegemea tarehe, na kadiri siku zinavyoongezeka ndivyo gharama ya kila siku inavyopungua. Mtoto aliye chini ya miaka mitatu hahitaji tiketi, wa miaka mitatu hadi tisa ana bei ya mtoto, na aliyetimiza kumi huhesabiwa kama mtu mzima. Ile tiketi ya ziada inayoruhusu kuhama bustani moja hadi nyingine katika siku moja ni kishawishi ambacho familia yenye watoto wadogo haina sababu ya kukilipia katika safari ya kwanza, kwa kuwa muda wa kuhama, kupanda basi na kukaguliwa mabegi upya hula saa nzima au zaidi.

Swali la kama muongeze pia Universal, bustani za kampuni nyingine, hujitokeza kila mara. Bustani za Universal ziko Orlando pia, zina tiketi zake, na mwaka 2025 ziliongezewa bustani mpya ya Epic Universe. Zinastahili safari yake peke yake. Kuzichanganya na Disney ndani ya wiki moja ndiyo njia ya haraka zaidi ya kurudi kwenye ile ratiba ya saa kwa saa.

Hatua ya 3: Wekeni mapema vitu vichache tu

Vitu hivyo ni usafiri, mahali pa kulala na tiketi za kuingilia.

Kulala ndani ya eneo la Disney kuna faida zake: usafiri wa mabasi na vyombo vingine hautozwi nauli, na wageni wa hoteli huruhusiwa kuingia bustanini nusu saa kabla ya wengine. Pamoja na hayo, kwa familia ya Kiswahili iliyo na bibi, shangazi na watoto watatu, naona nyumba ya kupangisha yenye jiko huko Kissimmee au maeneo ya jirani ni bora kuliko vyumba viwili vya hoteli. Bibi atapata uji wake asubuhi, wali utapikwa jioni bila mtu kubadili nguo, watoto watalala mapema wakati watu wazima wanaendelea na mazungumzo sebuleni, na gharama huwa nyepesi zikigawanywa. Anayechagua njia hii akumbuke tu kwamba kufika Magic Kingdom kwa gari kuna hatua ya ziada: magari huegeshwa kwenye kituo cha usafiri, kisha abiria hupanda reli ya juu au feri kuvuka ziwa, kwa hiyo aondoke nyumbani mapema kuliko ramani inavyomwambia.

Kwa upande wa migahawa, wekeni nafasi moja kwa safari nzima, au msiweke kabisa. Meza ya saa saba mchana huonekana jambo jema ikiwa bado miezi miwili. Siku yenyewe ikifika, huwalazimisha watu wanane kuacha walichokuwa wanakifurahia na kuvuka bustani nzima wakiwa hawana njaa. Mkiamua kuweka hiyo moja, iwe jioni ya ile siku isiyo na bustani. Mimi ningeipeleka Boma, mgahawa wa kujipakulia ulio katika hoteli ya Animal Kingdom Lodge, ambao vyakula vyake vina ladha za Afrika. Si lazima kuwa mgeni wa hoteli hiyo ili kula pale, na mkitoka nje kabla jua halijazama mtaona twiga na punda milia wakila majani nyuma ya jengo. Anayehitaji chakula cha halali aulize wakati wa kuweka nafasi, asisubiri kufika mezani.

Hatua ya 4: Andikeni siku katika nusu karatasi

Kila siku ya bustani iwe na sehemu tatu tu. Asubuhi ni ya kazi: mfike kabla ya kufunguliwa, na mfanye mambo mawili au matatu kabla ya saa tano, wakati foleni bado ni fupi na jua halijachoma. Mchana ni wa kupumzika, ama nyumbani kwa usingizi na kuogelea, ama ndani ya majengo yenye viti na kiyoyozi. Jioni iachwe wazi. Mkiwa na nguvu mtarudi. Mkiwa hamna, hamjakosa kitu mlichokiahidi.

Kwa Magic Kingdom, asubuhi yenu ielekee upande wa Fantasyland, kwa sababu Peter Pan's Flight na ile treni ya Seven Dwarfs hujaza foleni mapema na kubaki hivyo karibu siku nzima. Baada ya hapo tembeeni bila mwelekeo. Kuna mambo ambayo hayana haja ya kupangwa hata kidogo, kama vile ukumbi wa sinema ya miwani wa Mickey's PhilharMagic, ambako watu huingia kwa wingi, hukaa na kupoa.

Animal Kingdom inahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu hapo ndipo familia ya Waswahili itakapoona thamani ya kutokuwa na ratiba. Sehemu ya Afrika ya bustani hiyo ni kijiji cha kubuni kiitwacho Harambe, kilichobuniwa na kundi lililoongozwa na Joe Rohde kwa kufuata sura ya miji ya pwani yetu, na mtu aliyewahi kufika Lamu ataitambua mitaa ile. Kuta zimechakazwa kwa makusudi, matangazo ya kuchorwa kwa mkono yameandikwa kwa Kiswahili, na mwaka 1961 umeandikwa kama mwaka wa uhuru wa kijiji hicho, ambao ndio mwaka Tanganyika ilipopata uhuru wake. Mgeni mwingine hupita pale kwa dakika tano akikimbilia gari la Kilimanjaro Safaris. Bibi aliyekulia Tanga au Malindi hawezi kupita hivyo. Atasimama mbele ya bango, atalisoma kwa sauti, atawauliza wajukuu wake waliozaliwa Minnesota kama wameelewa, nao watamsomea bango linalofuata kwa kubabaika huku yeye akiwasahihisha silabi moja moja. Hapo huenda ikapita nusu saa ambayo hakuna ratiba ingeweza kuipangia. Iacheni ipite.

Hiyo safari ya gari yenyewe huchukua chini kidogo ya dakika 20, katika uwanda wenye wanyama halisi, nayo inafaa kufanywa asubuhi mapema au alasiri, kwani mchana wanyama hujificha kivulini. Wageni waliokwisha kwenda Mikumi au Maasai Mara huuliza kama kuna haja. Kwa watoto waliokulia Marekani ipo, maana mara nyingi hiyo ndiyo safari inayozaa swali la lini watapelekwa kuona penyewe.

Epcot na Hollywood Studios hazihitaji mengi. Epcot, tofauti na nyingine, ni ya kutembea na kula, basi mwende mchana mkakae mpaka usiku. Hollywood Studios ina michezo michache yenye foleni ndefu, hivyo asubuhi yake isicheleweshwe.

Hatua ya 5: Amueni kuhusu kulipia foleni, kisha msilirudie jambo hilo

Tangu Julai 2024 huduma ya kulipia ili kupita njia fupi huitwa Lightning Lane. Wageni wa hoteli za Disney huruhusiwa kuchagua nafasi zao siku saba kabla ya kuanza kwa safari, na wengine siku tatu kabla. Bei hupanda na kushuka kulingana na siku na bustani, na kwa familia kubwa jumla yake huuma. Ushauri wangu ni kuilipia siku moja tu, ama Magic Kingdom ama Hollywood Studios, na hata hiyo moja mwilipie tu ikiwa mnakwenda katika wiki zenye msongamano. Siku nyingine mtumie asubuhi, ambayo haiuzwi.

Mtu mzima mmoja tu ndiye ashike programu ya simu ya bustani, inayoonyesha muda wa foleni na kupokea oda za chakula. Wengine waweke simu zao mifukoni. Familia ambayo watu wanne wanatangaza muda wa foleni kwa wakati mmoja haiwezi kukubaliana hata pa kununua maji.

Hatua ya 6: Bebeni vitu vitakavyowaondolea ulazima wa kupanga

Disney huruhusu kuingia na chakula na vinywaji visivyo na kileo, mradi visiwe kwenye vyombo vya kioo. Chapati zilizokunjwa, maandazi, matunda yaliyokatwa na njugu hukuondolea kazi yote ya kutafuta chakula mtoto anapoanza kulia kwa njaa saa nne asubuhi. Maji ya barafu hutolewa bure kwenye vibanda vya chakula cha haraka vinavyouza vinywaji, omba tu. Kigari cha mtoto kisizidi takribani sentimita 79 kwa upana na 132 kwa urefu, na mikokoteni ya kuvuta hairuhusiwi.

Zaidi ya hapo, chukueni makoti mepesi ya mvua mliyoyanunua dukani kabla ya kufika, chaji ya akiba ya simu, kofia, na viatu ambavyo miguu imeshavizoea. Kila mtoto awe na namba ya simu ya mzazi iliyoandikwa kwa wino usiofutika mkononi au kwenye karatasi mfukoni. Kwa wenye watoto wachanga, kila bustani ina kituo cha kunyonyeshea na kubadilishia nepi, na humo mna utulivu usiopatikana kwingine.

Pesa za zawadi mpeni kila mtoto mkononi mwake siku ya kwanza, na mseme wazi kwamba hakuna nyongeza. Mabishano madukani yatapungua tangu siku hiyo.

Hatua ya 7: Kubalianeni mapema jinsi mpango utakavyovunjwa

Mpango utavunjika. Radi ikipiga karibu, michezo ya nje husimamishwa; mchezo mwingine huharibika mkiwa tayari kwenye foleni; mtoto aliyeuota mwaka mzima hufika mlangoni, akasikia mayowe, akagoma. Kwa mvua, ingieni ndani, kuleni, na msubiri, kwa sababu watu wengi huondoka na foleni za baada ya mvua huwa fupi. Kwa mtoto aliyegoma, msimlazimishe na msimtanie mbele ya binamu zake. Ondokeni naye, na kama kesho yake ataomba kurudi, mtaona.

Kundi kubwa lisitembee pamoja siku nzima. Gawanyikeni baada ya saa tano, na mtaje mahali na saa ya kukutana ambavyo hata mtoto anaweza kuvikariri. Na bibi asigeuzwe mlinzi wa mabegi. Jambo hili hutokea katika familia nyingi bila mtu kukusudia: kwa kuwa yeye hapandi michezo, mizigo na vigari vyote huachwa miguuni pake, na safari yake huwa ni ya kukaa kwenye benchi. Kila anapopumzika, mtu mzima mmoja abaki naye kwa zamu, na jambo alilolichagua kikaoni litimizwe siku ya kwanza au ya pili, kabla miguu haijavimba. Viti vya magurudumu hukodishwa langoni, na anayehitaji asione haya kukitumia kwa nusu ya siku tu.

Siku ya kuondoka isiwe na bustani. Kama ndege ni ya jioni, pitieni Disney Springs, mtaa wa maduka na migahawa ambao hauna kiingilio na maegesho yake ni bure, ili watoto wamalizie pesa zao na wazee wanunue zawadi za kupeleka nyumbani, kisha muelekee uwanja wa ndege mkiwa na muda wa kutosha.